La sultani ni amri, la mke ni gubu

Hapa Kanyakine, na bila shaka kwingineko katika Imenti Kusini, ni nadra baraza la wanaume kwisha bila mtu kulalamika kwamba mkewe ana maneno mengi. Malalamiko hayo utayasikia katika mikahawa iliyo kandokando ya barabara iendayo Chuka na Embu, utayasikia kwenye vituo vya kupimia majani chai, na hata harusini, ambako mzee anayesimama kuwapa maharusi nasaha hachelewi kumwonya bibi harusi ajihadhari na gubu. Bwana harusi kwa kawaida huambiwa awe mvumilivu. Maana yake ni kwamba hata kabla keki haijakatwa, tumekwisha kuamua ni nani atakayekosa na ni nani atakayekosewa.

Nia yangu katika makala haya si kukana kwamba gubu lipo. Lipo, tena linachosha. Mtu anayerudia lalamiko moja asubuhi, adhuhuri na jioni, mwaka nenda mwaka rudi, anaweza kuigeuza nyumba ikawa mahali pa kukimbiwa. Ninachotaka kuuliza ni kwa nini tabia hii tumeikabidhi jinsia moja tu, na kwa nini tunalipa neno la mtu jina la gubu kwa kutazama ni nani aliyelisema badala ya kupima alichokisema.

Dhana hii ni ya kale na haikuzaliwa kwetu. Kitabu cha Mithali, ambacho husomwa sana katika makanisa ya huku kwetu, kinamtaja mke mgomvi zaidi ya mara moja, na katika sura ya 27 kinamfananisha na paa linalovuja siku ya mvua kubwa. Mtu yeyote aliyewahi kulala chini ya bati bovu katika mvua za Aprili za Meru anaelewa mfano huo bila kufafanuliwa. Huko Uingereza nako, kuwa mwanamke wa kelele na ugomvi kulikuwa kosa la jinai. Karne kadhaa zilizopita, mwanamke aliyehukumiwa kwa kosa hilo angeweza kufungwa katika kiti maalumu na kuzamishwa mtoni mbele ya watu. Jina la kosa hilo katika Kilatini cha mahakama lilikuwa la kike peke yake, kwa hiyo mwanamume hakuweza kulitenda hata angepiga kelele kutwa kucha. Sheria hiyo ilikaa vitabuni hadi mwaka wa 1967 ndipo Bunge la nchi hiyo likaifuta.

Lakini njia iliyo fupi zaidi ya kuona jinsi tunavyolifikiria jambo hili ni kuitazama hadithi ambayo watoto wengi wa Afrika Mashariki wameisikia, ile ya Kima na Papa. Wengi wetu tunaikumbuka. Kima amekaa juu ya mkuyu ambao nusu ya matawi yake yametanda juu ya bahari. Papa yuko chini, na kila siku anaomba atupiwe tunda. Urafiki ukashika mizizi. Siku moja Papa akamwalika Kima nyumbani kwake, akambeba mgongoni, na walipofika katikati ya bahari akamtobolea siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa iliyotajwa ni moyo wa kima. Kima akamjibu kwa utulivu kwamba ni bahati mbaya hakuambiwa mapema, kwa maana makima huiacha mioyo yao mitini watokapo safarini. Papa akageuka, akamrudisha pwani, na Kima akaruka juu ya mti na kuokoka.

Hadithi hiyo iliandikwa Unguja na Askofu Edward Steere kutoka vinywani mwa wenyeji, naye akaichapisha mjini London mwaka wa 1870 katika mkusanyiko wake wa ngano za Kiswahili. Humo inaitwa Kisa cha Punda wa Dobi, kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye. Lakini ilikuwa imesafiri safari ndefu kabla ya kufika Unguja. Chimbuko lake ni Bara Hindi, ambako inapatikana katika mkusanyiko wa kale uitwao Panchatantra na pia katika Jataka, yaani visa vya maisha ya awali ya Buddha. Kutoka Bara Hindi, ngano za Panchatantra zilitafsiriwa katika Kiajemi cha kale, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akazitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Ni jambo la kawaida kwa hadithi kusafiri pamoja na majahazi, na pwani yetu haikupungukiwa na majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi.

Sasa, msomaji, sikiliza tofauti iliyopo. Katika hadithi ya Bara Hindi hakuna sultani mgonjwa. Kuna wanyama wawili walio mume na mke, na mnyama wa majini si papa bali ni mamba. Bwana Mamba anashinda kutwa chini ya mti pamoja na rafikiye tumbili, akila matunda na kuzungumza, na jioni anampelekea mkewe yaliyosalia. Mke anauliza matunda haya matamu yanatoka wapi. Akiisha kuambiwa, anasema kwamba yule alaye matunda kama haya kila siku bila shaka moyo wake ni mtamu kupindukia, na kwamba yeye anautaka moyo huo. Mume anakataa. Mke anashikilia. Anamshutumu mumewe kwamba huko mtini hakuna rafiki wa kiume bali kuna hawara, na anaapa kwamba hatakula chakula mpaka aletewe moyo huo. Mume, akiwa amechoshwa na maneno, anakwenda kumsaliti rafiki yake. Katika Kalila wa Dimna, mume ni kobe wa majini, naye mkewe anafundishwa na jirani yake ajifanye mgonjwa na kudai kwamba dawa yake ni moyo wa nyani. Katika Jataka, mke wa mamba ameshikwa na uchu wa moyo wa tumbili aliyemwona mtoni.

Katika masimulizi hayo yote ya kale, basi, chanzo cha balaa ni mke. Ndiye aliyetaka, ndiye aliyerudia, ndiye aliyemsukuma mumewe mpaka akavunja urafiki. Msikilizaji mdogo anaondoka na funzo mbili: kwamba akili huokoa maisha, na kwamba mume anayemsikiliza mkewe hupotea. Funzo la kwanza ni zuri. La pili ndilo ninalobishana nalo.

Ilipofika kwa msimulizi wa Unguja, mke aliondolewa na mahali pake akawekwa sultani. Sijui ni nani aliyeyafanya mabadiliko hayo, na huenda si mtu mmoja. Lakini matokeo yake yanatufunulia jambo kubwa. Ombi ni lile lile: moyo wa kima. Ukatili ni ule ule. Mjumbe ni yule yule mnyama wa majini asiye na uthabiti, ambaye yuko tayari kumtoa rafiki yake kafara. Hata hivyo, katika hadithi yetu hakuna msikilizaji anayesema kwamba sultani ana gubu. Sultani akitaka moyo wa mtu, hiyo ni amri, au ni haja ya dola, au ni tiba. Mke wa mamba akitaka moyo ule ule, huo ni usumbufu, ni wivu, ni maneno ya wanawake.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tofauti kati ya amri na gubu haimo katika maneno yenyewe, imo katika uwezo wa msemaji. Mwenye uwezo husema mara moja, na kazi ikafanyika. Hana haja ya kurudia. Asiye na uwezo husema mara moja na hakuna anayegeuka. Husema mara ya pili, mara ya tatu, mara ya kumi, na kufikia hapo tunamhesabia idadi ya mara alizosema na kuyasahau yale aliyoyasema. Afisa mkuu ofisini hana gubu. Chifu hana gubu. Mwajiri hana gubu. Gubu ni la mke, la mama mkwe aliyezeeka, la mtumishi anayedai mshahara wake uliochelewa, na la mtoto anayeomba karo.

Tuiache bahari tupande mlimani. Katika ukanda wetu huu, mashamba ya juu kuelekea msitu wa Mlima Kenya ni ya chai, na ukishuka unakutana na kahawa na migomba. Chai huchumwa kwa mikono, na mara nyingi mikono hiyo ni ya wanawake, ambao huamka kabla ya jua na kubeba vikapu hadi kituoni mvua inyeshe isinyeshe. Majani yakiisha kupimwa huenda katika viwanda kama vile Kinoro na Kionyo. Mkulima hulipwa kiasi fulani kila mwezi, na mara moja kwa mwaka hupata malipo ya pili ambayo kila mtoto wa huku anayafahamu kwa jina la bonasi. Lakini kwa kuwa shamba kwa kawaida ni la mume, aliyelirithi kwa baba yake, namba ya mkulima nayo aghalabu huwa kwa jina lake, na fedha huingia katika akaunti yake.

Kila msimu wa bonasi, basi, yako maneno yanayosemwa katika nyumba nyingi za huku. Mke huuliza bonasi ilikuwa kiasi gani. Asipojibiwa huuliza tena. Huuliza juu ya karo ya muhula ujao, juu ya tangi la maji lililoahidiwa mwaka juzi, juu ya deni la dukani. Mume naye hujibu kwamba amechoka, au hachukui hatua ya kujibu bali huvaa kofia akaelekea sokoni, na huko sokoni huwaeleza wenzake kwamba nyumbani hakukaliki. Wenzake humpa pole na kumwagizia kinywaji. Bili hulipwa na ile ile bonasi iliyokuwa ikiulizwa.

Je, hilo ni gubu? Mimi naliona ni deni. Mdai hukaa kimya pale tu deni linapolipwa au anapokata tamaa. Mwanamume akidai fedha zake kwa jirani mara ishirini, tunasema anafuatilia haki yake. Mkewe akiuliza mara tatu fedha alizozitolea jasho zimekwenda wapi, tunasema ana mdomo. Wahenga walisema mgala muue na haki yake mpe. Yaani hata kama maneno ya mtu yanakukera, itenge kwanza haki iliyomo ndani yake.

Bunge letu limelitambua jambo hilo angalau katika maandishi. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka wa 2013 inasema kwamba mchango katika mali ya ndoa si fedha peke yake. Kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara ya familia na kazi ya shambani ni mchango pia. Kwa hiyo mke anayechuma chai si mgeni aliyekaribishwa katika hesabu za bonasi. Anapouliza, anauliza kama mshirika. Ni kweli kwamba mahakama zimeeleza kuwa ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali moja kwa moja, na kwamba kila upande huonyesha mchango wake. Lakini mtu ataonyeshaje mchango wake katika jambo ambalo hata kuliuliza amekatazwa?

Najua msomaji mwanamume sasa hivi ana hoja mbili mkononi, na ni haki yake zijibiwe.

Hoja ya kwanza ni kwamba wako wake ambao maneno yao hayana uhusiano na karo wala tangi la maji. Ni matusi, ni kulinganishwa na mume wa jirani, ni kudhalilishwa mbele ya watoto. Ni kweli, wako. Vivyo hivyo wako waume ambao hukagua kila chungu kilichopikwa, hutia kasoro katika kila nguo iliyofuliwa, na humwuliza mke kila jioni alikuwa wapi na aliongea na nani, kwa maneno yale yale, mwaka baada ya mwaka. Waume hao hatuwaiti wenye gubu. Tunawaita wakali, na neno hilo masikioni mwa wengi lina harufu ya sifa. Sheria ya Kinga dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka wa 2015 haikufanya ubaguzi huo. Inayataja matusi ya maneno na mateso ya kihisia kuwa unyanyasaji, awe mtendaji ni mume au ni mke. Sheria hiyo hiyo inataja hata kuingilia kwa wakwe na jamaa za ndoa, jambo ambalo limevunja nyumba nyingi na ambalo kwa kawaida halisemwi harusini.

Hoja ya pili ni kwamba maneno yanayorudiwarudiwa huua. Kuna ushahidi wa kuunga mkono hofu hiyo. Mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen nchini Denmark walitoa matokeo ya utafiti uliowafuata watu wapatao 10,000, wanaume kwa wanawake, waliokuwa na umri wa kati ya miaka 36 na 52 mwaka wa 2000. Kufikia mwaka wa 2011, wale waliosema kwamba mara kwa mara walisumbuliwa na madai au wasiwasi kutoka kwa wenzi wao au watoto wao walionekana kufariki kwa kiwango kikubwa kuliko wengine, na wanaume ndio walioonekana kudhurika zaidi na madai. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba maneno ndiyo yaliyoua, kwani huenda nyumba yenye madai mengi ni nyumba yenye dhiki nyingi. Hata hivyo, tusiupuuze.

Lakini uko utafiti mwingine unaopaswa kusomwa pamoja na huo. Mwaka wa 1990 Andrew Christensen wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na mwenzake Christopher Heavey, walitazama jinsi wanandoa wanavyobishana. Waliona mtindo ambao kila mwenye ndoa ataufahamu: mmoja hudai na mwingine hujitenga, na kadiri wa pili anavyojitenga ndivyo wa kwanza anavyozidi kudai. Walipozungumzia jambo ambalo mke alitaka libadilike, mke ndiye aliyedai na mume ndiye aliyejitenga. Lakini walipozungumzia jambo ambalo mume alitaka libadilike, tofauti hiyo haikuonekana. Ikiwa kudai kungekuwa katika damu ya mwanamke, angedai katika mambo yote mawili. Basi yeyote anayetaka mabadiliko hudai, na anayefaidika na mambo yakae yalivyo hunyamaza.

Huko kunyamaza nako tusikuone kuwa ni upole. Waswahili wana methali kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mume anayeulizwa swali akaelekeza uso katika redio au simu yake hajaepuka ugomvi. Ameuanzisha, ila ametumia silaha isiyo na sauti. Watoto waliokaa mezani wakila wanaisikia sauti ya mama peke yake, nao hukua wakiamini kwamba mama ndiye mwenye fujo. Baadaye wanasomewa hadithi ya mamba na tumbili, na mafundisho yanakamilika.

Turudi basi katika hadithi, kwa maana nilisema nitaeleza kwa nini katika kitabu cha Steere inaitwa Kisa cha Punda wa Dobi. Kima alipokwisha kuokoka, Papa alimwita tena waende. Kima akamjibu kwamba yeye si punda wa dobi, na akamsimulia kisa. Palikuwa na punda aliyetoroka kwa dobi akakaa mwituni akanenepa. Simba alikuwa mgonjwa na akamtuma Sungura amletee nyama. Sungura akamwendea yule punda akamwambia kwamba ametumwa kuja kumposa. Punda akauliza ni nani anayemposa, akaambiwa ni Simba, naye akafurahi akafuata. Alipofika, Simba alimrukia akamjeruhi, lakini punda akapiga mateke akakimbia. Siku zilipopita Sungura akamrudia, na punda akamwambia kwamba anaogopa kwa sababu mposaji wake alimrarua. Sungura akamtuliza kwamba hilo si neno, kwamba hivyo ndivyo Simba anavyoonyesha mapenzi yake. Punda akarudi. Mara hii hakutoka. Sungura akaula moyo na masikio, na Simba alipouliza viko wapi, akajibiwa kwamba punda huyo hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingalirudi.

Hiyo ndiyo ndoa iliyomo katika hadithi yetu, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuzungumzwa harusini. Msimulizi wa Unguja alimtoa mke mwenye maneno mengi, akaleta mchumba asiye na neno. Mchumba huyo alisema mara moja tu kwamba anaogopa, akanyamazishwa, akafa. Wangapi katika vijiji vyetu wamerudi kwa wazazi wao wakiwa na alama usoni, wakaambiwa na mama, na shangazi, na mzee wa ukoo, na wakati mwingine hata na mhubiri, kwamba wavumilie kwa kuwa ndivyo mume wao alivyo? Wangapi wameulizwa kwanza walisema neno gani lililomuudhi? Swali hilo ndilo neno gubu linapoacha kuwa mzaha wa mkahawani. Likiisha kukubaliwa kwamba mke ana gubu, kofi linapata utetezi. Jirani aliyesikia vilio usiku husema asubuhi kwamba yule mama naye amezidi mdomo. Na mara nyingine, kama alivyofanya Sungura, tunamlaumu marehemu kwamba alikosa moyo na masikio, ilhali sisi ndio tuliomrudisha.

Wanyama wa kweli wangeweza kutufunza jambo jingine kuliko wale wa hadithini. Katika misitu ya Mlima Kenya kuna ndege aitwaye hondohondo. Wakati wa kutaga ukifika, jike huingia katika pango la mti, na mlango huzibwa kwa udongo mpaka ukabaki ufa mwembamba tu. Kwa muda mrefu jike huyo hatoki. Chakula chake chote huletwa na dume na kupitishwa katika ufa ule. Dume likizembea, jike na makinda wataangamia. Hebu fikiria jike huyo akipaza sauti kwa sababu jua limetua na chakula hakijafika. Nani atasema ana gubu? Tutasema dume limechelewa.

Wake wengi wa huku kwetu hawakufungiwa katika pango la mti, lakini wamefungiwa na hati ya shamba isiyo na majina yao, na akaunti wasiyoiona, na mila inayowataka wawe wapole. Ufa uliobaki ni mdomo. Tukiuziba huo nao, tumebakisha nini?

Napendekeza mambo machache, tena yasiyohitaji serikali. Waume waeleze hesabu ya bonasi mezani, mke akiwepo, siku ile ile inapoingia. Jambo lililojibiwa halirudiwi, na anayetaka utulivu nyumbani ataununua kwa jibu moja la kweli. Wake nao, wanapokuwa na dai, walitaje dai lenyewe na kuacha kulichanganya na makosa ya miaka kumi iliyopita na upungufu wa mama mkwe, kwa maana dai lililobebeshwa mizigo mingi haliwezi kufika. Neno likikataa kusikika nyumbani, lipelekwe kwa watu wawili watatu wanaoheshimika na pande zote mbili, kabla halijawa sumu. Wazee wanaopokea mashauri ya ndoa waulize kwanza nini kilichoombwa na tangu lini, kabla ya kuuliza nani aliyepaza sauti. Wazee hao hao, pamoja na wahubiri, wasimrudishe mwanamke aliyepigwa kwa nyumba aliyopigwa ati kwa sababu ya amani. Na waalimu wanaosimulia hadithi ya mamba na mkewe wawaulize watoto swali moja la nyongeza: huyo bwana aliyekwenda kumsaliti rafiki yake, hakuwa na kinywa cha kusema hapana?

Swali hilo la mwisho nalipenda zaidi ya yote. Katika Panchatantra, mamba aliporudi nyumbani hakumkuta mkewe hai. Alikuwa amekufa kwa kule kufunga kwake, na nyumba yao ilikuwa imetwaliwa na mamba mwingine. Akapoteza rafiki, akapoteza mke, akapoteza makao, na yote kwa sababu hakuthubutu kumkabili mkewe uso kwa uso akazungumza naye mpaka mwisho. Aliona ni rahisi kumdanganya tumbili kuliko kumjibu mke. Wengi hukisoma kisa hicho wakamlaani mama mamba. Mimi namwona bwana mamba ndiye aliyekuwa na mengi ya kusema, na ndiye aliyenyamaza.

Methali yetu inasema mwanamke ni nguo, mgomba kupalilia, na huku kwenye migomba mingi twaielewa vizuri sehemu yake ya pili. Hakuna mkulima anayeukasirikia mgomba kwa sababu majani yake yamenyauka. Hutazama shina, akatafuta kilichopungua. Tukimsikia mke akirudia neno lile lile kwa mara ya kumi, tufanye hivyo hivyo.